Familia Inapobadilika, Marejesho Yakabaki Yale Yale



Katika toleo hili tumeona ni vema tuandike juu ya jambo linaloletwa ofisini kwetu mara kwa mara, lakini ambalo kwa nadra huonekana katika taarifa za vikundi. Ni habari ya mtu aliyekuwa akirejesha mkopo wake vizuri, kisha ghafla hawezi tena. Si kwamba amekuwa mkorofi, wala biashara yake haikuwa mbaya. Nyumba yake imebadilika. Mume amefariki. Mke yuko hospitali mwezi wa tatu sasa. Ndoa imevunjika. Au dada amefariki mjini na watoto wake watatu wameletwa kwa mjomba, na sufuria iliyokuwa ya watu watano sasa ni ya watu wanane. Watu hulisahau hili la mwisho kwa kuwa hakuna aliyepungua ndani ya nyumba, lakini kwa upande wa marejesho halina tofauti na msiba.

Fomu ya mkopo haijui mambo hayo. Tarehe ya marejesho inafika kama ilivyoandikwa.

Mkopo wa mmoja, mapato ya wawili

Mikopo mingi katika vikundi vyetu imeandikwa kwa jina la mama. Ndivyo utaratibu wenyewe ulivyozaliwa. Mfumo wa kuweka na kukopa ambao huku kwetu ulikuja kuitwa VICOBA una asili yake Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kuwasaidia akina mama waweke akiba yao wenyewe sandukuni na kukopeshana. Tunashukuru kwa ajili ya urithi huo, maana umewapa akina mama wengi sauti katika nyumba zao. Hata hivyo tukubali kwamba jina lililoandikwa kwenye fomu si lazima liwe jina la mtu anayeleta fedha za marejesho. Mama anakopa kwa ajili ya genge lake, genge linalisha watoto, na marejesho yanatoka kwenye kibarua cha baba. Au baba, mwalimu wa shule ya msingi, anakopa benki kwa mshahara wake, na nyumba inaishi kwa mboga za mama kwa kuwa mshahara umekwisha kukatwa. Mkopo umesainiwa na mmoja, lakini umebebwa na wawili.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mama amekopa shilingi 1,200,000 kutoka kwenye mfuko wa kuzunguka wa kikundi, kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye mkopo wote wa awali. Kila mwezi analipa 100,000 za mkopo na 24,000 za riba, jumla 124,000. Mumewe ni fundi ujenzi. Kwa pamoja huingiza kama 450,000 kwa mwezi, kwa hiyo marejesho hayawatishi. Baada ya miezi mitano mume anafariki. Deni la msingi lililobaki ni 700,000. Genge lilifungwa wakati wa msiba, nyanya zikaoza, na sasa linampa 160,000 kwa mwezi. Akilipa 124,000 kama fomu inavyosema, anabaki na 36,000 za kulisha, kuvalisha na kusomesha. Mama huyu si mdaiwa sugu. Kinachotakiwa kuangaliwa ni hesabu yenyewe, ambayo imekuwa si ya kweli tena tangu siku ya mazishi.

Saini tatu zisizofanana

Katika ofisi yetu, swali la kwanza tunalomuuliza mjane au mgane anayefuatwa kwa deni ni hili: wewe ulisaini nini? Wengi hujibu, "Nilisaini tu." Lakini kuna saini za aina tatu ambazo mwenzi huombwa, na matokeo yake hayafanani kabisa.

Aliyesaini kama mkopaji mwenza, deni ni lake sawasawa na la marehemu. Aliyesaini kama mdhamini, chini ya Sheria ya Mikataba wajibu wake ni sawa na wa mkopaji mwenyewe isipokuwa mkataba umesema vingine. Kwa hiyo yeye na wadhamini wengine wa kikundi wanaweza kudaiwa bila kungoja. Aliyesaini kutoa ridhaa ya mwenzi ili nyumba iwekwe rehani yuko mahali pengine. Rehani inaweza kuuzwa, lakini yeye binafsi hakuahidi kulipa kitakachopungua. Ridhaa hiyo nayo haikuwekwa kwa heshima tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inarudia jambo hilo kwa upande wa rehani. Mwenzi ambaye hakusaini popote hakopeshwi kwa sababu ya kuolewa tu. Mkopeshaji anapomwambia, "Wewe ndiye mke, lipa," aombe aonyeshwe karatasi.

Je, deni la marehemu linakwenda wapi? Linabaki kwenye mali ya marehemu. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama anakusanya mali, analipa madeni, kisha anagawa kinachobaki. Utaratibu ni huo, madeni kwanza, warithi baadaye. Mahakama ya mwanzo humtaka msimamizi apeleke orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa. Warithi hawalipi kutoka mifukoni mwao deni lililozidi mali iliyoachwa.

Hapa tuseme wazi jambo linalotuumiza. Katika misiba kadhaa mali husafiri kuelekea upande mmoja na deni upande mwingine. Shemeji anachukua pikipiki, ng'ombe wawili wanahamishiwa kwa baba mkubwa "kwa ajili ya uangalizi", na kitabu cha marejesho kinaachwa mezani kwa mjane. Kwa mujibu wa utaratibu wa mirathi, pikipiki ile na ng'ombe wale ndio wanaodaiwa kwanza. Mzee wa kanisa anayeketi katika kikao cha ukoo anaweza kulisema hilo kwa upole bila kumtuhumu mtu. Aulize tu kitabu cha marejesho kiko wapi, na pikipiki iko wapi, na aache vitu hivyo viwili viandikwe kwenye ukurasa mmoja wa muhtasari.

Wiki za kwanza

Desturi yetu ina hekima yake. Kaburini, kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia hutangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu, na yeyote anayedaiwa naye, awaone wanafamilia. Tangazo hilo husemwa haraka haraka, na mara nyingi hakuna anayeandika. Tunazishauri kamati za sharika zimteue mtu mmoja, mzee wa mtaa au mama kiongozi, awe na daftari siku ya kuanua matanga, wakati hesabu ya rambirambi inaposomwa. Madeni yaandikwe siku hiyo hiyo: nani anadai, kiasi gani, kwa karatasi gani. Deni la mdomo lililotajwa mbele ya watu siku ya matanga ni rahisi kulipima kuliko lile linaloibuka baada ya miezi sita.

Kuhusu rambirambi zenyewe, hatusemi zipelekwe kwa mkopeshaji. Zimetolewa kwa ajili ya wafiwa. Lakini ikiwa kuna kilichobaki baada ya gharama za mazishi, mwezi mmoja wa marejesho uliolipwa kwa wakati humpa mjane nafasi ya kuzungumza na mkopeshaji akiwa bado hajachelewa. Mazungumzo ya mtu ambaye hajachelewa ni tofauti sana na ya yule ambaye jina lake limekwisha kusomwa mkutanoni.

Kisha kuna bima, na hapa tunaomba usomaji wa makini. Benki nyingi, na SACCOS nyingi pia, hukata kiasi kidogo cha fedha wakati wa kutoa mkopo kwa ajili ya bima au kinga ya mkopo. Mkopaji akifariki, na katika mikataba mingine akipata ulemavu wa kudumu, kinga hiyo hulipa salio. Wafiwa wengi hawajui kwamba makato hayo yalifanyika, kwa maana marehemu hakuyasimulia nyumbani. Wanaendelea kulipa deni ambalo tayari lilikuwa limekingwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa awamu yoyote baada ya mkopaji kufariki, mwandikieni mkopeshaji mkiuliza mambo mawili: je, mkopo huu ulikuwa na bima, na ni nyaraka gani zinahitajika? Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mikataba ya bima ina muda wake wa kutoa taarifa na muda huo hautofautishi mtu mwenye huzuni na asiye na huzuni. Cheti cha kifo kitahitajika kwa bima, kwa mirathi na kwa mafao. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, na ni vema kibali cha mazishi au hati ya hospitali isiachwe mfukoni mwa dereva wa gari la maiti, jambo ambalo hutokea kuliko mnavyodhani.

Lakini bima hulipa mkopaji anapofariki. Rudini kwenye mfano wetu wa awali. Mama ndiye aliyekopa, mume ndiye aliyefariki. Hakuna bima ya kawaida ya mkopo inayolipa kwa kuwa mume wa mkopaji amekufa. Hali kadhalika ugonjwa wa muda mrefu, kuachika, na watoto yatima kuongezeka nyumbani, yote haya yako nje. Ndiyo maana tunasema tatizo kubwa la marejesho katika sharika zetu haliko mahali ambapo bima inafika.

Msiba angalau una tarehe. Watu wanakuja, wanakaa, wanajua. Ugonjwa hauna siku ya kutangazwa. Baba ana kisukari, anaacha kwenda shambani siku mbili kwa wiki, kisha nne, kisha mguu unakatwa. Hakuna mkutano hata mmoja wa kikundi ambamo mtu angesimama na kusema, "Leo hali ya nyumba yangu imebadilika." Kwa uzoefu wetu wagonjwa na wanaowauguza ndio huchelewa mno kusema, nao ndio hukuta wamekwisha kuuza mbuzi, kisha mabati, kabla ya kamati kupata habari.

Utengano una aibu ya aina nyingine. Mume ameondoka na hajulikani aliko, na mke hapendi jina lake lizungumzwe. Yule ambaye shauri lake linakwenda kwenye baraza la usuluhishi na baadaye mahakamani akumbuke kutaja madeni ya familia pamoja na mali. Mkopo uliojenga nyumba ya ndoa una haki ya kutajwa wakati nyumba hiyo inagawanywa. Mwanasheria au msaidizi wa kisheria wa wilaya anaweza kumsaidia kuliandika.

Kukopa ili kulipa

Mtu anapoona aibu kuwaambia wenzake, njia iliyo wazi ni kukopa mahali pengine. Huko ndiko wanakokaa wale ambao watu wamewapa jina la "kausha damu", na jina hilo halikutungwa na kanisa.

Tuendelee na mama wetu. Mwezi wa sita hana 124,000. Anazikopa kwa mtu wa mtaani kwa asilimia 20 kwa mwezi. Kikundi kinapokea fedha na kumpigia makofi. Baada ya siku 30 anadaiwa 148,800 mtaani na 124,000 kikundini, jumla 272,800, katika mwezi ambao genge linampa 160,000. Hakuna bidii inayoweza kuziba pengo hilo. Anakopa tena, mara hii kubwa zaidi, na anaacha kadi ya benki na namba yake ya siri kwa mkopeshaji, au anaweka cherehani.

Mikopo ya kwenye simu inafanana na hiyo, ila mkopeshaji haonekani. Mtu akichelewa siku mbili, ujumbe unatumwa kwa namba zilizomo kwenye simu yake, kwa mchungaji, kwa mwalimu wa watoto, kwa mkwe. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kila anayekopesha kwa biashara anatakiwa awe na leseni au usajili kwa daraja lake, kuanzia kampuni na mtu binafsi hadi SACCOS na kikundi cha kijamii kama chetu. Kwa hiyo swali "leseni yako iko wapi?" ni swali halali, na linaweza kuulizwa na mama wa genge.

Na je, wanaokuja na pikipiki ya matairi matatu kubeba vyombo? Deni la mkopo ni shauri la madai. Polisi si wakusanya madeni. Pale mkopeshaji anapokwenda mahakamani na kushinda, bado Sheria ya Mwenendo wa Madai, kifungu cha 48, inazuia kukamatwa kwa nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, pamoja na zana za kazi za fundi. Wasomaji wa Agano la Kale watakumbuka kwamba sheria ya Musa ilizuia mawe ya kusagia yasichukuliwe rehani, kwa hoja ile ile. Ukimnyang'anya mtu kile anachosagia, umechukua uhai wake pamoja na namna ya kukulipa. Kwa hiyo inasikitisha kukuta katiba ya kikundi cha kanisa inaorodhesha masufuria na cherehani kama dhamana. Tunaomba kila kamati isome katiba yake kwa jicho hilo.

Kwa nyumba au kiwanja kilichowekwa rehani kisheria, mkopeshaji hana ruhusa ya kuuza wiki inayofuata. Sheria ya Ardhi, kwa marekebisho ya mwaka 2008, inamtaka atoe notisi ya siku 60, na mnada wa ardhi unahitaji tangazo la hadhara la siku zisizopungua 14. Siku hizo 60 ni muda wa kufanya kazi. Tunasikitika kuona jinsi notisi hizo zinavyofichwa chini ya godoro mpaka siku ya 58.

Kupanga upya si kusamehe

Sasa tuje upande wa kikundi, maana wanakamati watauliza, na wana haki ya kuuliza: tukimhurumia huyu, nani atawahurumia wenye akiba? Fedha za sandukuni si za kamati. Ni za mama mwingine, ambaye naye anaweza kuwa mjane.

Katika 2 Wafalme sura ya 4 mjane anamwendea Elisha kwa sababu mwenye kumdai marehemu mumewe anataka kuwachukua wanawe. Nabii hafuti deni, wala hamtukani mdai. Anauliza kuna nini nyumbani. Mafuta yanapopatikana, mama anaagizwa auze, alipe deni, na aishi na wanawe kwa kinachobaki. Tunaona hapo mpangilio unaotufaa: kuangalia kilichopo nyumbani, kulipa, na kuhakikisha kuna kinachobaki cha kuishi.

Kwa hesabu, kupanga upya kunaonekana hivi. Salio la 700,000 linagawanywa kwa miezi 14 badala ya 7. Kila mwezi 50,000 za deni na 14,000 za riba ya asilimia 2 kwenye salio hilo, jumla 64,000. Mama anabaki na 96,000 badala ya 36,000. Kikundi kinapata riba ya 196,000 kwa miezi hiyo, wakati kwa mpango wa zamani kingepata 168,000. Hivyo kikundi hakipotezi chochote isipokuwa muda, na mama analipia muda huo shilingi 28,000. Kama hali ni ngumu sana, miezi miwili ya mwanzo alipe riba pekee, 14,000 kwa mwezi, na miezi 14 ianze baada ya hapo. Hili ni zito kwake kuliko msamaha, lakini ni jepesi mno kuliko asilimia 20 za mtaani.

Upo uwezekano mwingine wa kupunguza deni kwa hisa au akiba zake mwenyewe. Ikiwa ana hisa za 400,000, deni lingeshuka hadi 300,000 mara moja. Wengi hupenda njia hii kwa kuwa inasafisha kitabu. Sisi tungeshauri itumike nusu tu. Mjane asiye na akiba yoyote atarudi kukopa mwezi wa kwanza mtoto akiugua, na safari hii hatarudi kwenu.

Muda ndio unaogomba na desturi ya vikundi vyetu. Kikoba huvunjwa mwisho wa mwaka, kila mmoja akachukua chake, na mkopo wa miezi 14 hauingii ndani ya mzunguko wa miezi 12. Vikundi vingine vimeamua salio lihamie mzunguko mpya kama deni la kwanza kitabuni, kwa maandishi na saini za wanachama wote. Inawezekana, ila iamuliwe kabla ya msiba wa kwanza, wakati hakuna anayejua nani atahitaji. Katiba ikiandikwa wakati mama fulani amekaa pembeni analia, nusu ya wajumbe watapiga kura kwa huruma na nusu kwa hasira.

Tuwe wakweli pia juu ya mipaka. Kikundi cha watu 25 wanaorejesha 124,000 kila mmoja hukusanya 3,100,000 kwa mwezi. Mmoja akipangiwa upya, makusanyo yanapungua kwa 60,000, pungufu ya asilimia 2. Sita wakipangiwa, yanapungua kwa 360,000, karibu asilimia 12, na mkopo wa mtu aliyekuwa kwenye foleni unakwama. Kwa sababu hiyo mfuko wa jamii ulio ndani ya sanduku usiliwe siku ya kuvunja. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya wa Kiprotestanti aliyeanzisha chama cha mikopo kule Heddesdorf, Ujerumani, mwaka 1864, alishikilia kwamba ziada iwekwe katika akiba isiyogawanywa kwa wanachama. Alikuwa akishughulika na wakulima ambao mwaka mmoja mbaya uliwatosha kuwapeleka kwa wala riba. Wahisani wetu wa Ujerumani wanalijua jina hilo kwenye vibao vya benki. Huku kwetu wazo lake ni geni kila Desemba.

Juu ya taarifa

Hapa tunazungumza na wahisani moja kwa moja. Taarifa inayosema marejesho ni asilimia 100 hupendeza, na vikundi vinajua kwamba inapendeza. Lakini kitabu hakiandiki fedha zimetoka wapi. Asilimia 100 inaweza kuwa na ndani yake mdhamini aliyeuza mahindi ya kula, au mama aliyekwenda mtaani kukopa ili kikundi kisiharibiwe jina kabla ya ziara ya wageni. Kinyume chake, kikundi kilichompangia upya mjane kwa maandishi kitaonekana kina mkopo uliochelewa zaidi ya siku 30, na kwa kipimo cha kawaida hicho ndicho kitaitwa kikundi dhaifu.

Tunaomba fomu za taarifa ziwe na safu ya mikopo iliyopangwa upya, ikitenganishwa na mikopo chechefu, na pembeni pawe na nafasi ya kuandika sababu kwa neno moja: kifo, ugonjwa, utengano, watoto. Isiandikwe jina. Baada ya taarifa nne za namna hiyo tutajua sote kama mfuko wa jamii unatosha au la, na ni sharika zipi zinahitaji akiba kubwa zaidi. Mkopo uliopangwa upya na ukachelewa tena bila maelezo uhamie safu ya chechefu bila kuonewa haya, ili safu hii mpya isigeuke maficho.

Kwa kamati za sharika tunaomba mambo mawili kabla ya mkutano mkuu wa kila kikundi. Katiba iongezwe kifungu kinachosema nani anaweza kuomba kupangiwa upya, aombe kwa nani (tunashauri watu wawili tu, mmoja wao mwanamke, ili habari za ndoa na ugonjwa zisisomwe mbele ya watu 25), ajibiwe ndani ya siku ngapi, na ni watu wangapi kwa wakati mmoja kikundi kinaweza kuwabeba. Pia mikataba ya mikopo ya benki na SACCOS ambayo washirika wanayo nyumbani ikaguliwe katika jumuiya, si kwa kiasi cha deni, ambacho ni siri ya mtu, bali kwa ukurasa wa bima. Ukurasa huo mara nyingi hubaki kwa mkopeshaji. Asiye nao aende akaombe nakala wiki hii, akiwa hai na mzima, na amwonyeshe mwenzake mahali anapouweka.